Filamu ya Banda la Butimba

Jumapili usiku

Mwanangu kaipata ile filamu kwenye simu yake. Ile ya banda la video kule Butimba, tulikokuwa tunaingia mchana mimi na rafiki yangu Doto tukitoka shule. Nikifumba macho bado naona jua likipenya kwenye matundu ya bati, limetutia madoadoa mikononi.

Siku ile umeme ulikatika jamaa wa filamu hiyo akiwa ndani ya mtumbwi, maadui nyuma yake. Banda zima likaguna. Doto akasimama gizani akaimalizia mwenyewe, kwa sauti ileile ya mtafsiri wa banda aliyekuwa akitusimulia filamu kwa Kiswahili, na watu wakatoka wameridhika.

Leo mtoto ananiambia, "Mama, huyu mwishoni anakufa." Nimekasirika kweli. Nikamwambia azime.

Kesho Doto anafanyiwa upasuaji. Naogopa, basi. Nimempigia jioni hii nimpe pole, nikajikuta namuuliza ile filamu inaishaje.

Akacheka taratibu.

"Anafika kwa mama yake, anapakuliwa ugali na sato. Kwani umesahau?"