Mwokaji Aliyejishtaki na Mahakama ya Sebuleni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi mume wangu atasomewa hukumu sebuleni kwetu, na hakimu ni kaka yangu, ambaye kazi yake halisi ni kuuza magodoro.

Mume wangu ni mwokaji wa mikate, mtu aliyekuwa akipiga mluzi tangu anapokanda unga hadi mkate wa mwisho unapotoka tanurini, lakini mvua zilipoanza mluzi ulikatika, akawa halali, hanyoi ndevu, anakanda unga kama anayekoroga zege, nasi tukasema amechoka tu, mpaka asubuhi moja aliponiambia kwamba mikate yake imewaua watu wa mtaa mzima na kwamba tanuri humwita muuaji kila anapolifungua, na mimi nikachungulia dirishani nikawaona hao marehemu wamepanga foleni wanagombania mikate ya moto.

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikala mkate mzima mbele yake bila chai, wapi! Ndipo wifi yangu akasema, "Anayejishtaki afunguliwe kesi, ashinde, tupumzike," tukaona ni wazo la maana, kaka akaazima joho la kwaya, tukapanga viti, majirani wakaja kutoa ushahidi kwamba wako hai, na mama mkwe akaapa, "Nimekula mikate ya mwanangu miaka yote, na kinachoniumiza ni ulimi wa mkewe tu," watu wakacheka hadi hakimu akagonga meza kwa mwiko.

Tatizo lilikuwa shemeji, mdogo wa mume wangu, aliyeshikilia kwamba mahakama haiwi mahakama bila mwendesha mashtaka, akajipa kazi hiyo na kuifanya vizuri mno, akanyoosha kidole na kuuliza, "Je, mshtakiwa anaweza kuthibitisha kwamba hakuna hata mmoja aliyekufa?" na mume wangu akamtazama kwa shukrani, kama mtu aliyeeleweka kwa mara ya kwanza. Kaka alipomwachilia huru, mume wangu alitikisa kichwa tu. "Shemeji," alimwambia kaka, "wewe unauza magodoro."

Sasa kuna rufaa, na familia imegawanyika: wifi anataka ahukumiwe kufagia uwanja ili atumikie adhabu yaishe, kaka anasema hawezi kutengua hukumu yake mwenyewe, mama mkwe anadai wakili, na mume wangu ametulia siku hizi, hali kitu kwa sababu eti chakula ni cha wasio na hatia, na jana aliniambia kwa upole kwamba tusijisumbue, hukumu ataitekeleza mwenyewe. Je, mshauri, tumtie hatiani au tumwachilie tena?

Mke wa mwokaji

Mke wa mwokaji,

Nilicheka mpaka nikavua miwani, kisha nikafika mwisho wa barua yako na kuinua simu. Mambo haya hayangoji gazeti. Ninachokichapisha hapa, kwa ruhusa yako, ndicho nilichokuambia siku ile, kwa faida ya nyumba nyingine zenye joho kabatini.

Umeandika barua ndefu kuhusu joho, mwiko na ulimi wako, ukaficha katika nusu sentensi jambo lenye uzito kuliko yote. Mtu asiyekula, aliyetulia ghafla, anasema hukumu ataitekeleza mwenyewe. Mwanangu, huenda anakuaga! Jumamosi ni mbali. Muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humpunguzia upweke. Asiachwe peke yake. Visu vya kazini na sumu ya panya, kama iko stoo, viondolewe leo, tena kabla hujamaliza kunisikiliza.

Mumeo si mjinga wala mkaidi, ni mgonjwa. Isome tena barua yako: mluzi ulikatika kwanza, usingizi ukafuata, na tanuri likaanza kusema baadaye. Hiyo ina dalili zote za sonona kali, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona ikizidi, mtu anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii na kushika imani ambayo hakuna hoja inayoiondoa, na mara nyingi sauti hizo hurudia yale yale ambayo huzuni imekwisha kumwambia: una hatia, umeharibu, hufai. Kwake yeye tanuri linasema kweli, kama unavyomsikia wewe mama mkwe.

Ndiyo maana mashahidi wako wazima na wanene hawakufaa kitu. Ukibishana naye, anabaki peke yake na sauti yake. Ukimwigizia, unaithibitisha. Nyinyi mlifanya yote mawili kwa mkupuo mmoja, tena kwa mavazi rasmi! Na wifi yako aweke ufagio chini: kumtia hatiani ni kuuambia ugonjwa kwamba una haki. Mwambie hivi tu: "Mimi silisikii tanuri, lakini naamini wewe unalisikia, na naona unavyoteseka. Twende tukapate msaada."

Mpeleke hospitali. Mweleze daktari huzuni na sauti pia, wala usimfiche sauti kwa aibu, kwa sababu matibabu hubadilika. Mara nyingi hutolewa dawa za aina mbili kwa pamoja, na pengine atalazwa, usishtuke. Nafuu huchukua majuma. Siku mluzi utakaporudi, mtashawishika kuziacha dawa. Msithubutu bila kauli ya daktari. Ugonjwa huu hutibika hata ukiwa umefika hapo ulipofika.

Shemeji mwenye kidole akalinde duka. Kaka yako ana gari la kubebea magodoro, basi awe dereva, na joho lirudi kwaya. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayompa katika shauri hili.

Jioni ulinipigia kutoka hospitali. Ulimwambia mumeo maneno yale kama nilivyokupa, naye akauliza, "Huyo daktari naye anauza magodoro?"

Ukamjibu hapana. Akavaa viatu.