Tezo Uliyoninyima Mimi Peke Yangu

Leeds, Jumapili mchana

Kwako Baba yangu,

Natumai barua hii itakukuta umeketi, miwani iko karibu, na goti lile limepunguza maneno. Na mama, Mwaitu wetu, anaendeleaje na presha? Mvua mmeipata huko Kola, ama mbegu bado ziko kwa gunia? Mimi mwili ni mzima. Kazi ya kumtunza huyu bibi Mwingereza inaendelea. Ninamwogesha, ninampikia, ninamwitikia akiita majina ya watu waliokufa zamani. Baridi nimeizoea. Kile sijazoea ndicho nitakachokuandikia sasa, na nakuomba usome mpaka mwisho. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu unanikatia. Mara mbili umesema mtandao ni mbaya, Baba, na mimi nilikuwa namsikia jogoo wako vizuri kabisa.

Wiki tatu zilizopita mjukuu wa bibi, msichana anaitwa Ella, alikuja kumsalimia. Anasomea ubunifu chuoni. Alikuwa ametoka Kenya kwa zile ziara fupi za majengo na sanaa, zile ambazo wageni hawaji kupiga picha tu, wanafundishwa kazi kwa mikono. Akaniambia walikuwa Machakos. Aki nilifurahi! Nikamwekea chai, nikavuta kiti. Akasema siku ya kwanza walizungushwa mjini wakaonyeshwa nyumba za mawe za zamani na jinsi fundi alivyopanga madirisha. Siku ya pili walisuka vikapu vya vyondo na akina mama sokoni. Halafu siku mbili wakafundishwa kuchonga na mzee mmoja wa Kola. Mkali kidogo, akasema, lakini ana moyo mzuri sana. Akatoa simu anionyeshe video.

Ni wewe. Uko kwa kiwanda chetu, chini ya mabati yale yale, umevaa sweta ya buluu niliyokutumia Krismasi. Umesimama nyuma ya Ella, mikono yako juu ya mikono yake, na mmeshika tezo ya kuchongea ya babu. Si tezo nyingine, ni ile yenye mpini uliofungwa waya. Unamwonyesha kupiga kidogo kidogo, asilazimishe. Anauliza kama wanawake wa huko huchonga. Ndugu yangu Mutua anatafsiri. Na wewe unacheka, Baba. Unasema, "Mwambie mti haujui mkono ni wa nani."

Ai! Nilimwomba airudishe. Nikasikiliza mara tatu. Kisha nikaenda jikoni nikafungua maji ya mfereji kwa nguvu ili wasinisikie nikilia.

Kwani umesahau, ama unajifanya? Nilikuwa na miaka kumi na tano. Kazi yetu, mimi na Mwaitu, ilikuwa kupiga msasa na kupaka rangi ya viatu wale wanyama mliowachonga wewe na Mutua. Tezo ilikuwa marufuku kwetu. Mwanamke akiishika, ulisema, mti utapasuka. Ulipoenda harusi Kitui siku tatu, nikachukua kipande cha mwarobaini nikachonga swala aliyegeuza shingo. Nikamficha katikati ya kazi za Mutua. Uliporudi ulimwinua, ukamzungusha, ukamwita yule mnunuzi wa Nairobi: "Njoo uone kijana wangu ameshika kazi!" Ukasema shingo kama hiyo hata wewe hujawahi kuipata. Mutua alikuwa amenyamaza tu. Mimi mjinga nikasema, "Baba, ni mimi nimechonga."

Hukunipiga. Afadhali ungenipiga. Ulimtia swala wangu kwa moto, Mwaitu akachemshia chai hapo juu, na sisi wote tukainywa, hata mimi. Na yule swala hakuwa amepasuka, Baba. Hakuwa na ufa hata mmoja. Bakuli alilochonga Ella kwako ndilo lenye ufa, nimelishika kwa mkono wangu. Anasema ulimtuliza, ukamwambia asijali, mbao ilikuwa mbichi.

Nikampigia Mwaitu. Kumbe huu ni mwaka wa pili mnapokea wageni! Kila Jumamosi tunaongea, mnanipa habari za mbuzi na za kwaya, na hilo mmelikalia. Mutua ndiye mkalimani, mke wake Ndinda ndiye mpishi, Mwaitu mwenyewe anafundisha kupiga msasa. Nyumba nzima ilikubaliana mimi Mwende nisijue. Mwaitu akajaribu kukutetea. "Hao ni wageni," akasema. "Wageni si wanawake wa hapa." Nikamwuliza, na yule mama mwingine anayechonga kwa video, ambaye Mutua anamwita Mwikali, ni mgeni wa wapi? Akasema, "Anaishi Syokimau. Lakini kwao ni Ekalakala."

Mkamba kama mimi! Kwa hivyo haikuwa mila. Mila ningeivumilia, hata ikiniuma. Miaka hii yote nimekutetea, Baba. Watu wakiniuliza mbona binti wa mchongaji hajui kuchonga, nawaambia si kosa la baba yangu, ndivyo alivyokuta kwa wazee wake. Nilikuwa nasema hivyo mpaka kwa maombi. Kumbe mlango ulikuwa unafunguka, ni mimi tu niliyefungiwa nje. Umenisaliti, na sijui neno lingine la adabu la kuliweka hapo.

Nilimwuliza Mwaitu, kwa nini mimi? Unajua alivyonijibu? "Hao wengine hajawakosea kitu. Wewe akikupa tezo, itabidi kwanza aseme juu ya yule swala. Na unamjua baba yako." Ndiyo, nakujua.

Msalimie Mwaitu, mwambie nimemkasirikia, lakini kwake nitapoa mapema kuliko kwako. Msalimie Ndinda, yeye alikuta mambo yakiendelea, sina neno naye. Mutua mwambie alinyamaza nikiwa na miaka kumi na tano na amenyamaza tena akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Dada yako, shangazi Kalondu, ambaye huombea kijiji kizima, na mimi aniweke kwa orodha, maana usingizi umenipotea.

Jambo la mwisho ni hili. Wenye zile ziara wana kozi nyingine mwezi wa nane. Nimeomba likizo, nimejaza fomu yao, wamenikubali. Fomu iliuliza kama nimewahi kuchonga, nikaandika: mara moja. Mwanzoni nilitaka kuja kimya, ushtukie tu nimesimama hapo na wazungu. Nikaona hapana, kufichana kumetosha kwetu. Nitalala mjini na wenzangu. Nitaonyeshwa madirisha ya nyumba nilizokuwa nikizipita kila siku nikienda sekondari, na nitauliza maswali kama mgeni. Siku ya tatu gari litatuleta kwako.

Ukitaka kunikataa, uko na wakati. Waambie wafute jina langu, sitakuja kukulilia mlangoni. Lakini usipolifuta, Baba, siku hiyo usiniwekee tezo mkononi kabla hujasema ulinikosea. Useme mbele ya wageni wote, na Mutua atafsiri.

Ni mimi binti yako,
Mwende