Mkono wa Kushoto

Muhuru Bay

Mjukuu wangu Akinyi,

Natumai umeamka vizuri huko chuoni. Sisi tuko salama. Ng'ombe amezaa, na goti langu linalalamika kama kawaida yake.

Umeniuliza kama ni vibaya moyo kukuchoma. Mwanafunzi uliyemfundisha akili unde ametengeneza programu inayotambua vizuri kuliko yako samaki walioharibika, na sasa chuo kizima kinamsifu yeye.

Babu yako alipomwoa nyanya yako mdogo, Atieno, mimi mke wa kwanza ndiye niliyepaswa kumfundisha kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Nikamfundisha. Muda si muda wachuuzi wakawa wananipita wakiuliza, "Yule mama mdogo yuko wapi?" Akinyi, nilishikwa na wivu kwelikweli.

Siku moja nikasimama kumtazama akigeuza omena juu ya nyavu, nikimtafutia kosa. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

"Unakula kwa kulia, unalima kwa kulia. Mbona hapa kushoto?"

Akashangaa. "Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Anayetumia kushoto ni mimi. Sikuwahi kumwambia atumie mkono huo. Aliuchukua tu kwa kunitazama.

Hebu itazame kazi ya huyo kijana polepole. Utajiona mahali.

Wivu haujaniisha, nisikudanganye. Mpaka leo Atieno akipika omena nakasirika jinsi ilivyo tamu, kisha nasukuma sahani aniongeze.

Ni mimi nyanya yako, mkubwa.