Antena Kando ya Tanki

Mjukuu wangu Kapinga,

Huku Likasi tunaendelea. Mama yako anakusalimu, na samaki wa ziwa Tshangalele wamejaa sokoni.

Umeniuliza kwa nini antena ya satelaiti mnayoiunda ilipima vizuri mahali ilipo ikiwa mezani, lakini ikifungwa kwenye satelaiti yenyewe inakosea.

Wakati wa Zaire nilikuwa opereta wa redio ya kampuni. Asubuhi moja Mama Ngoie alikuja akilia: mumewe, fundi, ameanguka kule kwenye bwawa la umeme la Mwadingusha. Niliwaita kwa redio, nikapata mikwaruzo tu. Nikafungua redio, nikakagua kila waya. Nzima kabisa.

Mama Ngoie akachungulia dirishani. "Papa, antena ilikuwaka kule mbali. Tangu juzi iko kando ya ile tanki ya chuma. Haiwezi kuisumbua?"

Kumbe mawimbi yaligonga tanki, yakarudi na kuvuruga yale yaliyokuja moja kwa moja. Tukairudisha antena uwanjani. Mara sauti ya mumewe ikaingia: "Umwambie ni mukono tu. Nakuya kesho!" Mama Ngoie akaketi sakafuni, akicheka na kulia.

Nyinyi hamuwezi kuzihamisha paneli za jua zilizo kando ya antena yenu, lakini ipimeni antena pamoja na majirani zake. Miye, tangu siku ile, redio ikisumbua, nilitoka nje kwanza.

Mungu akutunze huko ugenini.

Nkambo wako,
Kasongo