Gramafoni ya Kaz

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Stosh wa bendi yetu amepita na gita lake na habari: studio imekubali turekodi, Jumamosi asubuhi. Akauliza kama nitaimba sauti ya juu, ile ya Kaz. Nikasema ndiyo. Kama mtu aliyeombwa chumvi. Tangu tumzike huyo kaka yangu kila kitu nasema ndiyo. Hata tambi wanazotuletea majirani nakula, zimepoa, nikiwa nimesimama.

Jumanne, 5 Oktoba

Kazini. Mvua. Basi.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimepeleka santuri za Kaz kwa Stosh, tufanye mazoezi. Rock and roll za tulipokuwa watoto. Ndizo zilizotufundisha: wimbo dakika mbili, magita makali, sauti mbili zinapanda pamoja. Bendi nyingine hapa Cleveland zinapiga ngoma robo saa bila neno, halafu zinatucheka sisi!

Tukaweka moja kwenye gramafoni mpya ya Stosh. Ah! Jamaa anaimba polepole, sauti nzito, mtu mzima kabisa. Tukaweka nyingine. Vilevile. Stosh akacheka mpaka akakaa sakafuni — kumbe gramafoni ya Kaz ndiyo iliyokuwa inazungusha santuri mbio! Miaka yote tumekaza nyuzi na kupandisha sauti tumfikie mtu ambaye hakuwahi kuimba hivyo. Mtindo wetu wote umetoka kwenye mashine mbovu.

Kaz angecheka kuliko wote. Nilijua hapo ndipo pa kulia. Sikulia.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mazoezi kwetu, kwenye chumba cha chini, cha kufulia. Stosh kasema tushushe sauti, kama ilivyo kwenye santuri. “Usijichane koo bure, Irena.” Anasema kweli. Tukalegeza nyuzi. Nikaimba bila shida yoyote. Vizuri tu. Kama bendi yoyote.

Mama akashuka na kapu la nguo. Akasimama kwenye ngazi, akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, huo wimbo mpya?

Ni ule ule. Ameusikia kila siku miaka minne, akigonga sakafu kwa ufagio tupunguze kelele. Stosh akainamisha kichwa. Mimi nikamwambia ndiyo Mama, mpya. Akasema mzuri, akapanda na kapu lake, nguo hakufua.

Jumamosi, 9 Oktoba

Studio. Naandika nimekaa juu ya sanduku la gita langu la besi. Fundi mitambo anataka kujua tunaanza lini, saa tuliyolipia inakwenda. Stosh yuko tayari, nyuzi zake chini.

Nimeanza kukaza zangu. Juu, pale pa Kaz.

Stosh ameniona. Anasema sauti itanikatikia katikati ya wimbo, na mkanda utakuwa unazunguka, hatuna pesa ya kurudia. Nikamwambia kaza na wewe. Ananitazama. Sasa anakaza.

Naogopa — mara ya kwanza tangu mazishi, naogopa kweli! Fundi amewasha taa nyekundu, Stosh anahesabu