Jeki Isiyofika

Milcah,

Chai imo chupani. Ndugu yako Sifuna asipewe ufunguo wa pikapu, hata akikuita dada mara saba.

Jana alidai alichelewa kwa pancha ya Uthiru, akabadilisha gurudumu peke yake. Asubuhi nimeijaribu jeki ya pikapu: imepanda hadi mwisho, gurudumu bado limekanyaga ardhi, kwani gari tuliliongeza kimo kwa kulifunga springi za lori. Nilipomuuliza alicheka, “Shemeji, wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma barabara!”

Basi alikuwa wapi na gari letu?

Naenda mjini kuchagua jeki ndefu, mama asije akakwama njiani kesho tukimpeleka hospitali.

~~Mwambie Sifuna afungashe.~~ Mpe chai kwanza, kisha umuulize wewe. Mimi shemeji nikiuliza tena, itakuwa kesi ya ukoo mzima.

Baba Lornah