Wifi Amegoma Kutoka Garini

Jumatatu, 1 Julai

Sakitu asubuhi. Majani ya uani meupe kama yamemwagiwa unga, na paa la gari la Wifi vivyo hivyo. Niligonga kabla sijanawa uso. Nikagonga tena.

"Sijafa," akasema kutoka ndani. "Ila ukiendelea kugonga hivyo utaniua wewe."

Wiki ya pili hii. Gari lenyewe marehemu kaka alilinunua likiwa la kusambaza mikate. Akang'oa rafu, akaweka kitanda, sinki na jiko dogo la gesi, wakawa wanazunguka nalo tangu alipostaafu. Tulimzika Aprili. Wifi amekuja akiliendesha mwenyewe, ameliegesha uani kwangu na analala humo. Chumba cha wageni nimekitandika, shuka zinakaa bure. Mwaka jana alilazwa kwa nimonia, na daktari alisema mapafu yake hayatastahimili nyingine. Analijua hilo. Aliambiwa nikiwa nimekaa pembeni yake.

Vioo vilikuwa vinatiririka maji kwa ndani. Nikamweleza: hiyo ni pumzi yake mwenyewe. Mtu aliyelala hutoa mvuke usiku kucha. Mvuke ukigusa bati la baridi unageuka maji, maji yanalowesha blanketi, na blanketi bichi halimpashi mtu joto. Kwa hiyo kile kitundu cha paa kiachwe wazi kidogo, hata kama baridi inauma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kengele imelia, Mwalimu? Niende mapumziko?"

Jumanne, 2 Julai

Leo nimefanya kazi. Watu hudhani baridi inatoka juu, wanajirundikia mablanketi. Inatoka chini! Godoro likilaliwa linabonyea, chini yake ubao, chini ya ubao chuma, na chini ya chuma upepo unapita unavyotaka. Nimeinua godoro, nikatandaza maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, juu yake blanketi kuukuu. Madirisha nimeyakatia vipande vya sponji. Nimempa chupa mbili za mpira za kutia maji ya moto, soksi kavu za kulalia tu, na kofia ya sufu. Nimemwambia ale kabla ya kulala, maana tumbo tupu ni jiko lisilo na kuni.

Yeye amekaa kwenye kiti cha dereva, ananitazama. Akasema kaka naye alikuwa hivi hivi, kila kitu somo. Aliolewa na mwalimu mmoja, kumbe mahari ilikuwa ya wawili. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeamka salama, hasira nimezikuta garini. Soksi ziko juu ya sinki, zimekunjwa nilivyozikunja. Kofia haijaguswa. Chupa hazikujazwa maji. Alilala na gauni na koti la kaka, basi. Mikono yake baridi kama bomba.

Nikamuuliza kulikoni.

"Nilisahau."

Baridi haisahauliki, wifi yangu. Inajikumbusha yenyewe.

Ijumaa, 5 Julai

Haya niyaandike vizuri, nisije kujidanganya kesho.

Jirani yetu fundi wa magari, kijana mwenye moyo mweupe, alimwonea huruma Wifi akamletea jiko la mkaa. Narudi kutoka dukani, nalikuta katikati ya gari, jekundu. Milango imefungwa. Kitundu cha paa kimezibwa kwa kitambaa. Nililitoa kwa mikono yangu, vidole vimeungua, hata kushika kalamu ni shida.

Fundi alikuwa bado yuko uani, akashangaa. "Mama, mkaa umeshaiva huo. Hauna moshi hata chembe."

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Nilimweleza taratibu. Moshi una nafuu yake: unakukohoza, unaamka. Mkaa ulioiva unatoa hewa nyingine, haionekani, haina harufu, inakaa kwenye damu mahali pa hewa safi. Mtu analala tu. Hasikii lolote.

Fundi akajishika kichwa. "Na mimi wiki iliyopita nimelala nalo gereji." Akalibeba jiko lake akaenda, hakuaga.

Wifi alikuwa kitandani, amepakata mikono. Nilimuuliza nani ameziba kitundu. Akasema ni yeye. Nikamuuliza kama alikuwa hajui habari ya mkaa. Akasema anajua. Kaka aliwahi kutaka kuingiza jiko humo, wakagombana mpaka likabaki nje.

"Sasa unanitazama hivyo kwa nini?" akaniambia. Sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza sukari. "Si umesema mwenyewe, mtu hasikii lolote."

Siku zote hizi nilidhani nafundisha asiyejua.

Nachukua kigodoro changu. Nahamia garini.

Jumamosi, 6 Julai

Nimelala sakafuni, kati ya kitanda na sinki, kama mzigo. Alinikataza. Nikamwambia ua ni wangu, na bado sijamtoza kodi.

"Wifi ni wifi tu," akasema. "Mchana anakusema, usiku anakuja kukagua."

Nilijaza chupa mwenyewe, nikampachika moja mapajani na moja mgongoni. Soksi nilimvalisha kama mtoto. Hakusaidia, hakuzuia.

Taa ilipozimwa akazungumza bila kuulizwa. Nyumbani kwao, alisema, kitanda ni kikubwa. Anamtafuta kaka usiku, mkono unakwenda, unakwenda. Garini kitanda ni chembamba, mkono unafika ukutani mara moja. Utafutaji unaisha mapema.

Nilinyoosha mkono, nikapapasa chupa ya mgongoni mwake kama bado ina moto.

Jumapili, 7 Julai

Kifua kinabana. Chini ya godoro lake nilitandaza maboksi, chini ya kigodoro changu sikutandaza kitu. Mganga hajigangi.

Jumatatu, 8 Julai

Homa. Binti yangu ni nesi, amekuja ametoka zamu ya usiku, akanisikiliza mgongo, akanitoa garini kwa amri. "Mama, mnataka niwazike wawili kwa mpigo?" Nikamwambia asimfokee mkaza-mjomba wake. Akaenda garini, akakaa huko kitambo. Alirudi midomo ameikaza. Amemsihi, amemlilia. Jibu alilopewa: mwambie mama yako apone.

Dawa zinalevya. Kitanda changu kimesogezwa dirishani kwa ombi langu. Naliona gari lote.

Usiku huu nani atamjazia chupa?

Jumanne, 9 Julai

Ameuvuka usiku salama. Asubuhi nimemwona akifuta vioo, taratibu, kama vya mtu mwingine. Redio inasema baridi ya leo itazidi ya jana. Binti yuko zamu tena.

Taa ya gari ilizimika mapema mno. Nikaanza kukohoa, kikohozi cha kweli kile cha kukunja mtu, na kilipotulia nikasikia mlango wa jikoni. Sufuria. Maji.

Wifi ameingia na koti la kaka, viatu miguuni. "Kikohozi chako kinafika mpaka garini," amesema. "Mtu atalalaje?" Amenipachika chupa ya maji ya moto mgongoni, palepale panapotakiwa. Amenikorogea maji ya ndimu, amenisimamia mpaka nimemaliza. Halafu akakaa kwenye kiti, ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nimemwambia chumba kile kimetandikwa. Amesema hakai. Anangoja nipitiwe na usingizi, aende zake.

Basi nimeomba kalamu. Ameniuliza naandika nini. Naandaa somo, nimemjibu. "Na homa hiyo? Maskini wanafunzi wako."

Mikono ameiingiza mifukoni. Nje vioo vya gari vimeshaanza kuwa vyeupe. Kifua changu, kusema kweli, kimefunguka tangu aliponipa ndimu. Nikinyamaza, anatazama mlango. Nikikohoa, anarudisha mgongo kitini.

Kope nzito. Nimekohoa tena.